Aliyekodi Msimu Mmoja Hapandi Mti

Mchicha unajiotea Maryland bila kupandwa na mtu. Mwezi Juni nimeuona kandokando ya mashamba ya mahindi karibu na mji wa Poolesville, umefika kiunoni, shina lina wekundu upande wa chini, majani mapana ya kujaza kiganja. Mwenye trekta anaupiga dawa, maana kwake ni gugu, tena gugu sugu. Mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapo, kwenye duka la Kiafrika la Langley Park, mama wa Kitanzania anainama kwenye jokofu kutoa kisamvu kilichogandishwa kikawa kama tofali. Kimevuka bahari, na anakilipia bei ambayo nyumbani ingemnunulia mboga ya wiki nzima.

Nimeishi eneo hili, ambalo wenyewe tunaliita DMV kwa kuunganisha D.C., Maryland na Virginia, kwa muda wa kutosha kujua kwamba mambo hayo mawili ni habari moja. Ardhi ipo, na walaji wapo tele, kuanzia Silver Spring hadi Hyattsville, Laurel na Alexandria. Wenye kujua kulima nao wapo. Kwenye misiba na harusi zetu hukosi kukutana na mtu aliyekulia shambani, Rombo au Kisii au Rungwe, ambaye sasa anaendesha basi au anauguza wazee. Mguse kidogo tu habari za kilimo, anaweka sahani chini ili mikono yote miwili iwe huru kueleza.

Kinachosemwa siku zote ni kwamba mwenye ardhi na mwenye jembe hawajuani, na wakijulishwa mambo yatakwenda yenyewe. Mimi naona kujulishana ndiyo hatua rahisi. Kinachoua kilimo cha mtu asiye na ardhi, hapa na kwetu pia, ni muda. Anapewa shamba kwa msimu mmoja, kisha anatarajiwa alitunze kama lake.

Nianze na ardhi yenyewe, kwa sababu haikubaki hapo kwa bahati. Mwaka 1980 Kaunti ya Montgomery, inayopakana na jiji la Washington upande wa kaskazini-magharibi, ilitenga ekari zipatazo 93,000, karibu theluthi ya kaunti nzima, ziwe za kilimo. Aliyeusukuma mpango huo ni Royce Hanson, mwenyekiti wa bodi ya mipango ya kaunti wakati ule. Kabla ya hapo ruhusa ilikuwa kujenga nyumba moja kwa kila ekari 5. Ikawa nyumba moja kwa kila ekari 25. Ili wenye ardhi wasijione wameporwa, waliachiwa haki ya kuuza ile ruhusa ya kujenga waliyoipoteza, haki moja kwa kila ekari 5, inunuliwe na mjenzi anayetaka kuongeza nyumba mahali pengine palipopangiwa makazi. Ndiyo maana leo unaweza kuondoka karibu na Ikulu ya Marekani na baada ya saa moja ukasimama kati ya mashamba, mlima Sugarloaf ukiwa mbele yako.

Anayetaka kujua ingekuwaje bila mpango ule avuke mto Potomac. Kaunti ya Loudoun, Virginia, imejaa vituo vya data, majengo makubwa ya kuhifadhi mambo ya intaneti, mengi hayana hata madirisha. Jirani yake, Prince William, mwezi Desemba 2023 madiwani waliidhinisha mradi wa vituo vya aina hiyo kwenye zaidi ya ekari 2,000 za eneo la vijijini, baada ya kikao kilichokesha na kuvuka saa 24, na kesi zikafuata mahakamani. Mlima mchicha hawezi kushindana bei na mnunuzi wa namna hiyo. Kwake ununuzi wa ardhi umekwisha kabla haujaanza. Kilichobaki ni kukodi.

Na wa kumkodishia wako wengi. Montgomery ilipoilinda ardhi haikusema ilimwe na nani. Sehemu kubwa imo mikononi mwa watu wasiolima: mrithi anayekaa jimbo jingine, mwanasheria aliyenunua ekari 40 kwa ajili ya utulivu na farasi wawili, mjane ambaye mumewe ndiye aliyekuwa mkulima. Utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 39 ya ardhi ya kilimo katika majimbo 48 ya bara imekodishwa, na asilimia 80 ya hiyo iliyokodishwa ni mali ya watu ambao wenyewe si wakulima. Wanaolima nao wanazeeka. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 iliupata wastani wa umri wao kuwa miaka 58.1.

Hapo ndipo walipoingia washenga. Shirika la Montgomery Countryside Alliance lilianzisha mwaka 2011 mpango wa Land Link Montgomery, na kusini mwa Maryland kuna Maryland FarmLINK, iliyo chini ya tume ya kilimo iliyosimamia wakulima walipokuwa wanalipwa na jimbo ili waachane na tumbaku. Jiji la Washington lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kuwezesha viwanja vilivyolala kulimwa, pamoja na nafuu ya kodi kwa mwenye kiwanja. Kazi yao ni ya mshenga hasa: kumuuliza huyu ana nini, yule anataka nini, nani ana maji, nani ana barabara ya kuingilia, kisha kuwakutanisha. Ninaiheshimu kazi hiyo. Ujuzi wa kulima mboga zetu katika hali ya hewa ya huku nao upo: Chuo Kikuu cha District of Columbia kina shamba la utafiti la ekari 143 kule Beltsville, na miongoni mwa yaliyofanyiwa majaribio pale ni mazao ya wahamiaji kutoka Afrika.

Lakini mshenga akishamaliza kazi yake anakwenda zake, na ndoa inabaki na masharti yake.

Rafiki yangu mmoja ni Mkisii, muuguzi wa zamu ya usiku. Alijuana na mzee mwenye shamba kupitia kanisani. Mzee alikuwa mwungwana. Alimpa ekari mbili kwa pango dogo la mwaka, wakapeana mikono barazani, karatasi hakuna. Mwaka wa kwanza ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, maana ilikuwa imelimwa mahindi na soya miaka nenda miaka rudi. Dada yule alileta samadi ya farasi, gari baada ya gari, akainua matuta, akapanda managu na chinsaga, yaani mnavu na mgagani. Kulungu wakavila vyote kwa usiku mbili. Mwaka wa pili akajenga uzio wa wavu wa futi nane, na kila nguzo akaimwagia zege chini kwa sababu ya upepo wa pale mlimani. Mwaka wa tatu udongo ukaanza kuwa mweusi. Alinionyesha mwezi Mei: unauminya kiganjani unashikana, unaugusa kwa kidole unamong'onyoka.

Agosti mzee alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watoto wake wakaamua shamba zima apewe mtu mmoja wa kukata majani ya farasi, kwa sababu ni rahisi kupokea hundi moja. Dada akapewa wiki mbili.

Nilikwenda kumsaidia kung'oa nguzo. Zilikuwa thelathini na sita, na ilitubidi tuchimbe kuizunguka kila moja kwa sururu mpaka lile bonge la zege litikisike. Managu yalikuwa yamechanua vile viua vyake vyeupe. Tulipofika nguzo ya kumi na tisa aliketi kwenye tuta, akavua glavu, akasema, "Sasa huu mchanga nimelishia nani?" Sikuwa na la kumjibu. Nguzo zilizobaki tuliziacha pale pale.

Huenda mahakamani angepata haki zaidi ya zile wiki mbili. Lakini mtu anayefanya kazi usiku na kulea watoto mchana hapati nafasi ya kushitaki kwa ajili ya ekari mbili, na hata angeipata, angepeleka karatasi gani? Na watoto wa mzee sikuwaona kuwa watu wabaya. Walifanya kama inavyofanyika eneo zima. Desturi ya hapa ni kukodisha mwaka kwa mwaka, mara nyingi kwa neno la mdomo tu, na desturi hiyo ilitokana na mahindi na soya. Mwenye mahindi anaingia na mashine mwezi Aprili au Mei, anavuna kabla ya majira ya baridi, anaondoka. Asipopewa shamba mwakani anaipeleka mashine shamba jingine, na alichokiacha nyuma ni mabua. Mlima mboga anaacha udongo alioutengeneza, uzio, mabomba ya maji, na wateja waliokwisha kuijua njia. Kumpa mkataba wa mwenye mahindi ni kumwambia asitengeneze chochote.

Tazama jinsi mwaka mmoja unavyomfungia milango. Ili mboga zake ziuzwe kwa jina la kilimo hai, lazima shamba liwe limekaa miezi 36 bila dawa na mbolea zilizokatazwa. Wizara ya Kilimo ina msaada wa kujengea kitalu nyumba, kile cha plastiki kinachorefusha msimu mpaka baada ya jalidi la Oktoba, lakini mwombaji aonyeshe kwamba atakuwa na mamlaka juu ya ardhi kwa muda wote wa makubaliano. Mikopo midogo ya wizara hiyo, inayofika dola 50,000, inaulizia vilevile utalima wapi na kwa muda gani. Mwenye mkataba wa mdomo anaishia mlangoni, na tunamwona kama hakujituma.

Mwenye ardhi naye ana hofu zake, na si za kupuuzwa. Anahofia mgeni ataumia shambani na kumshitaki. Hilo linatibiwa na bima. Anahofia kufungwa mikono siku akitaka kuuza. Hofu iliyo ndani zaidi ni ile ya zamani, kwamba anayekaa sana kwenye ardhi mwishowe ataidai. Maryland sheria inamruhusu mtu kudai ardhi aliyoishika kwa miaka 20 bila ridhaa ya mwenyewe. Tanzania ni miaka 12. Lakini neno zito hapo ni ridhaa. Mpangaji mwenye mkataba yuko pale kwa ruhusa, kwa hiyo miaka yake haihesabiki dhidi ya mwenye mali. Karatasi ile ile inayomlinda mkulima ndiyo inayomlinda mwenye shamba. Nimewaeleza hivyo watu watatu wenye ardhi na wawili walishangaa kabisa. Walikuwa wamekwepa kuandikishana miaka yote wakidhani wanajilinda.

Kuna na faida ambayo wengi wao hawaitaji mbele ya mpangaji. Maryland, ardhi inayolimwa kweli inatathminiwa kwa kodi kwa thamani isiyozidi dola 500 kwa ekari, wakati soko lingesema maelfu. Mtu anayelima kwako anakusaidia kuibakiza ardhi yako kwenye daraja hilo. Dada yule na uzio wake alikuwa anampa mzee kitu kila mwaka, zaidi ya pango, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Bibi yangu, mzaliwa wa Mangapwani, Unguja, alinieleza mambo haya kabla sijajua kama kuna nchi inaitwa Marekani. Babu yake alikuwa amekaribishwa kwenye shamba la minazi la bwana mmoja. Alilima muhogo, mbaazi na viazi vitamu chini ya miti, pango halipi, ila palizi ya shamba ni juu yake. Alikatazwa kitu kimoja tu: kupanda mti. Muhogo unang'olewa na habari yake inaisha. Mnazi unasimama miaka sitini unamtaja aliyeupanda, na Unguja mti ulikuwa na mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine. Mpangilio huo ulidumu miaka mingi kwa mazoea tu. Ulipokuja uchaguzi wa 1957 na siasa zikaingia mashambani, wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliowaona wako upande wa pili. Watu waliolima hapo tangu babu zao hawakuwa na hata mti mmoja wa kuonyesha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilitaifishwa, na familia kwa maelfu zikagawiwa eka tatu tatu. Bibi alikuwa akisema neno "eka tatu" kwa namna ambayo wengine hulitaja jina la mtoto.

Marekani nayo ina kidonda chake hapa. Januari 1865 Jenerali Sherman aliamuru familia za watu waliotoka utumwani zipewe viwanja visivyozidi ekari 40 katika ukanda wa pwani ya kusini. Mwaka huo huo haujaisha, Rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa mabwana wa zamani. Wengi wakaishia kulima kwa kugawana mavuno, hesabu anaishika mwenye shamba, na kila mwisho wa msimu hesabu inasema mkulima anadaiwa. Ndiyo sababu mimi, nikiulizwa kati ya kugawana mavuno na kulipa pango, nasema pango, hata liwe dogo, hata mwaka wa kwanza lisamehewe. Mwaka 1920 wakulima weusi nchi hii walizidi 900,000. Leo hawafiki 50,000. Ndani ya Montgomery, si mbali na Poolesville, kuna mahali paitwapo Sugarland, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1871 na watu waliokuwa watumwa. Walinunua, hawakukodi. Kanisa lao lingali limesimama.

Mfano unaonipa moyo uko mbali kidogo, jimbo la Maine, na unatuhusu kwa damu. Miongoni mwa Wabantu wa Somalia walioletwa Marekani kama wakimbizi kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wamo wazawa wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga karne ya 19. Wapo wanaoongea Kizigua hadi leo. Waliofika mji wa Lewiston walitafuta mashamba ya kukodi, wakalima, na kuhamahama kila mkataba ulipoisha. Sasa chama chao kina ekari 107 katika mji wa Wales, Maine. Ardhi inashikiliwa na mfuko wa pamoja, nao wamekodishiwa kwa miaka 99. Msomaji wa Tanzania anaijua namba hiyo, imo kwenye hati za viwanja vyetu. Kwa miaka 99 mtu anajenga ghala, anachimba kisima, anapanda mti wa matunda kwa ajili ya mjukuu.

Sisemi kila mjane wa Poolesville atoe miaka 99. Mitano, yenye nafasi ya kuongeza mitano, ingebadili kila kitu. Iandikwe. Ikizidi saba, sheria ya Maryland yenyewe inataka isajiliwe, na mkataba uliosajiliwa kwa kawaida unamfuata hata mnunuzi mpya, hivyo mzee akiugua au akifa mkulima hafi naye. Yaandikwe yale ya aibu kuyauliza siku ya furaha: uzio ni wa nani, maji yanalipwa na nani, na mkulima akiondolewa kabla ya wakati alipwe nini kwa udongo aliouacha. Na asiondolewe managu yakiwa shambani. Hawa wanaounganisha watu wasikubali kuhesabu ekari walizounganisha peke yake. Wahesabu na miaka.

Nimekaa na maandishi haya wiki mbili kwa sababu kuna sehemu nilikuwa naikwepa. Mimi nina shamba Kiwangwa, Bagamoyo, ekari sita. Nilinunua kama wengi wetu tunavyonunua, kwa simu na kwa kumwamini mjomba. Yuko baba mmoja analiangalia, mwaka wa saba huu. Nilimruhusu alime mahindi na mihogo katikati, "mazao ya muda tu," na nikamsisitiza asipande kitu cha kudumu. Nilisema maneno yale yale aliyoambiwa babu wa bibi yangu, na sikuyasikia. Kiwangwa ni nchi ya nanasi. Nanasi kutoka kupandwa hadi kuvunwa linachukua kama mwaka na nusu. Mtu niliyemweka kwenye ardhi nzuri ya nanasi amelima mahindi miaka saba kwa sababu hajui kama mwakani atakuwepo. Hapa DMV tuko wengi wa namna yangu, tunaotafuta ekari mbili za watu huku tumelaza sita nyumbani.

Nilimpigia Jumapili iliyopita, kwake ikiwa jioni. Nikamwambia nataka tuandikishane, miaka mitano ya kuanzia, mbele ya ofisi ya kijiji na mashahidi, pango la kwanza alipe baada ya kuvuna. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na nanasi je, mzee?" Nikasema apande. Akasema machipukizi anajua pa kuyapata. Halafu, taratibu, akauliza habari ya minazi upande wa bondeni. Kwa minazi anataka miaka kumi na mitano. Mimi nimesema kumi. Tunaongea tena Jumapili hii.